Mbolea Isiyoyeyuka

Mtunza ghala alikutwa chali katikati ya magunia ya mbolea ya ruzuku, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani. Jiwe lenyewe lilikuwa pale pale, limeganda damu.

Askari walikwisha kumkamata mpagazi wa ghala hilo. Alifukuzwa kazi jana yake, na asubuhi hiyo alikutwa amempakata marehemu, mikono imelowa damu. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe mahakamani kesho yake, mambo yaishe. Mpagazi, baba wa watoto watano, hakujua hata kujitetea. Alirudia tu kwamba alifuata viatu vyake, akamkuta mzee hivyo, akajaribu kumwinua.

Inspekta hakuridhika. Juu ya meza ya marehemu palikuwa na glasi ya maji, na chini ya maji palituama mashapo meupe. Alichovya kidole. Chokaa. Akapasua gunia moja, la pili, la tano. Kote chokaa, imefinyangwa chengachenga ifanane na mbolea. Serikali imelipia nusu ya bei, mkulima nusu, na wote wamenunua vumbi, huku mbolea yenyewe ikiuzwa mjini kwa bei ya dukani.

"Washenzi," alisema, na askari aliyekuwa karibu akajifanya hakusikia.

Alituma glasi maabara ikachukuliwe alama za vidole, akaenda moja kwa moja kwa bwana shamba. Akamwuliza kwa upole mbolea halisi ya kukuzia hujulikanaje.

"Unaitia kwenye glasi ya maji, Afande. Inayeyuka yote, na glasi inakuwa baridi."

"Wakulima nao hufanya hivyo?"

"Wapi! Wao husugua kiganjani, basi. Glasi ni mambo yetu sisi tuliosomea."

"Na mpagazi je?"

Bwana shamba alianza kupanga karatasi zake mezani.

"Yuko selo kwa ajili yako," Inspekta alisema. "Watoto watano. Na glasi yako iko maabara."

Bwana shamba alikaa. Hakubisha. Alieleza jinsi alivyozunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi watu waache samadi, wajiandikishe kwenye ruzuku. Wa kwanza kumsikiliza alikuwa mama yake, akauza mbuzi wake wote. Mahindi yake yalitoka manjano, yakakomea magotini. Ndipo alipokwenda ghalani, akaitia ile mbolea kwenye glasi mbele ya mtunza ghala.

"Alicheka, Afande. Akasema, 'Shamba si lako, wewe kinakuwasha nini?' Jiwe lilikuwa karibu."

Inspekta alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amemkasirikia marehemu, amemkasirikia huyu, hasira hata hajui aitue kwa nani.

"Kwa nini hukuja polisi?"

Bwana shamba alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nilikuja. Mahindi yalipoanza kugeuka manjano nilikuletea barua, na mbolea kidogo kwenye mfuko. Ulisema hilo ni suala la kilimo, si la jinai."

Inspekta aliukumbuka ule mfuko. Aliutupa mwenyewe, bila kuufungua.