Picha ya Beni Iliyotoka Safi

Mvua ilimkimbiza Grady, mpiga picha, mpaka ndani ya duka la vitenge la Kavugho, katikati ya soko la Butembo. Umeme ulikuwa umekatika na mchana ule duka lilikuwa giza. Badala ya kusubiri kwa adabu, akamwelekezea mwenye duka kamera. Lenzi ikalia zii, zii, ikienda mbele na kurudi nyuma.

"Iko na ugonjwa?" Kavugho akauliza.

"Ni autofocus yake. Mu giza inapotea, haijue pa kushika. Washa torche ya telefone, weka karibu na uso. Kisha usitingishike, chérie."

"Chérie? Mpenzi ya nani? Hata jina yangu hauijue!"

"Nitaijua. Tulia kwanza."

Kavugho akatulia, tochi chini ya kidevu, kilemba cha manjano kichwani. Picha ikatoka safi, hata kope ungezihesabu. Haikupita wiki mbili, alikuwa anatabasamu peke yake akikunja vitenge. Kupenda kulimvaa, na kulimpendeza.

Kila Grady alipokwenda mji wa Beni kupiga picha za ndoa, simu ililia.

"Chérie, umekula?"

"Nitakula aje na wewe hauko?"

"Basi nakuya mbio, usikufe na njaa!"

Miezi minane ikapita hivyo. Jumamosi inayofuata familia ya Grady ingepeleka mbuzi wa mahari Musienene, kwa baba yake Kavugho. Alhamisi Grady akamwachia kamera achague picha yake moja nzuri, wajomba wa Grady walioko Beni wamwone kabla ya safari.

Kavugho akapitisha picha moja moja, akafika kwenye ndoa ya Beni, ndani ya kanisa lenye giza la mvua. Bibi harusi ukungu. Padri ukungu. Kisha dada mmoja wa gauni la kijani, safi mpaka kope, na katika kila jicho nukta ya mwanga.

Grady aliporudi dukani jioni, umeme umekatika tena, alimkuta amesimama.

"Huyu ni nani?"

"Falonne? Mualikwa tu. Alipita, nikamupiga. Hasard, bahati tu."

"Bibi arusi alisimama mbele ya padri, ukamukosa. Huyu alipita tu mu giza ile ile, ukamupata mpaka kope? Angalia macho yake, Grady. Ile ni torche. Alikuwa anakushikia torche, alitulia. Ulimuambia nini?"

Grady akaitazama ile picha. Ameshikwa na ufundi wake mwenyewe, na mimi sina huruma naye.

"Nilimuambia asitingishike."

"Asitingishike nani?"

"Chérie," akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?"

"Miezi tatu. Lakini ni wewe njo napenda, Kavugho!"

Iliuma. Maneno yale Kavugho aliyaweka moyoni kama yake peke yake, kumbe yalikuwa ya kila mwenye tochi. Akapiga simu palepale, machozi yakimtiririka.

"Baba? Jumamosi bantu ba Grady basikuye. Hapana, siko mugonjwa. Bakikuya na mbuzi, murudishe."

Grady akachukua kamera, akaiinua.

"Picha moja ya mwisho, nakuomba. Washa torche. Tulia kidogo tu."

Lenzi ikalia zii, zii, ikatafuta, ikatafuta. Kavugho alikuwa ameshamgeukia mteja aliyeingia, akimpimia kitenge, wala hakutulia.