Siku Mama Alipoacha Kung'ata Pini

Cherehani ya mama bado iko dirishani. Kila asubuhi binti yake huifuta vumbi na kuitia mafuta, kisha hukaa kidogo kabla ya kuanza kazi. Hapo ndipo mama humrudia akilini: amesimama nyuma ya mteja, tepu ya kupimia shingoni, pini zimejipanga mdomoni kama meno ya pili.

Mama alikuwa na sheria moja. Hata kama ulishonewa mwezi uliopita, ulipimwa upya.

"Mama, si una vipimo vyangu?" wateja walilalamika.

"Vya mwezi uliopita," alijibu bila kutoa pini. "Mwili si meza, mwanangu. Nyoosha mikono."

Kisha baridi yabisi ikamwingia. Vidole vilivimba, vikakataa mkasi. Asubuhi binti ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi, na mama aligeukia ukutani ili machozi yasionekane.

Daktari alimweleza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imegeuka na kushambulia viungo vyake mwenyewe. Akampa dawa ya kuituliza, ameze mara moja tu kwa wiki. Akamwambia pia arudi kupimwa damu mara kwa mara.

Dawa ilimkubali. Baada ya miezi michache cherehani ikaanza tena kuimba, na mama akarudia utani wake. Kupimwa damu alikwenda mara mbili tatu, kisha kimya.

"Mama, kliniki je?"

"Aliyepona anafuata nini hospitali? Kuwasalimia?"

Wakacheka wote wawili.

Siku moja jirani yao, muuguzi, alikuja kujaribu sare mpya.

"Sista, umenenepa," mama akasema.

"Mimi? Ni kitambaa chako kimesinyaa!"

Mama alicheka, lakini kwa kufumba mdomo. Binti akatazama vizuri. Pini zilikuwa kwenye kisahani, na mama alikuwa akiziokota mojamoja. Mama huyu ambaye hata kugombeza aligombeza na pini mdomoni!

"Mama, mbona leo hung'ati pini?"

"Zimenichosha."

Muuguzi akageuka. "Mama, hebu fungua mdomo."

"Kwani mimi ng'ombe wa mnada?"

"Fungua, mama yangu."

Ndani kulikuwa na vidonda. Kwenye mkono damu ilikuwa imevilia, na mama hakukumbuka kujigonga popote. Muuguzi akamgusa paji la uso.

"Una homa. Tangu lini?"

"Juzi. Kahoma ka kupita tu."

"Na damu ulipima lini?"

Mama akainamia kitambaa. "Sista, mkinipima mtaninyang'anya dawa. Vidole hivi vikijikunja tena, mimi nitakuwa nani?"

Muuguzi akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nisikilize, mama. Dawa inayotuliza kinga inaweza pia kupunguza chembe za damu. Nyeupe ndizo zinazopigana na vijidudu. Zikipungua sana, hata homa ndogo inaweza kuua. Nyekundu zikipungua, unachoka na kuhema. Ziko pia za kugandisha damu. Hizo zikipungua, ukiguswa kidogo damu inavilia. Na vidonda vya mdomoni ni dalili mojawapo. Haya hayampati kila mtu. Lakini mara nyingi mwanzoni mtu hasikii chochote. Ndiyo maana tunampima hata anayejiona mzima."

"Lakini mikono haiumi tena!"

"Mikono iko salama. Damu je?"

Binti akaitoa tepu shingoni mwa mama.

"Mama, utanishonea gauni kwa vipimo vya mwaka jana?"

"Thubutu!"

"Kwa nini?"

Mama akanyoosha mkono kuidai tepu yake.

"Mwili si meza," binti akasema.

Mama akasukuma kando kisahani cha pini. "Unanichapa kwa fimbo yangu mwenyewe. Haya, nipe mtandio."

Muuguzi alitoka nao palepale, sare ingali na pini. Moja ilimchoma kiunoni njia nzima.

Hospitalini wakampima damu: chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka sana. Mama alilazwa, akatibiwa maambukizi, na dawa ikasimamishwa. Chembe zilipopanda, daktari alimrudishia dawa ileile kwa kiasi kidogo, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki.

"Hakuna aliyekunyang'anya," daktari akasema. "Ila usiongeze, usipunguze wala usiache mwenyewe. Ukiona homa, vidonda mdomoni au damu kuvilia, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo."

"Kumbe mmepunguza kiunoni tu," mama akasema. "Mimi pia sijawahi kutupa gauni kwa sababu linapwaya."

Tangu hapo hakukosa kipimo. Alikuwa akimnyooshea mkono mtu wa maabara na kumwambia, "Pima, mwanangu." Alishona miaka mingi, hata gauni la harusi la binti yake. Uzee ulipomchukua, taratibu, vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya shuka, havijajikunja.

Mlango unabishwa. Ni mteja wa mwezi uliopita, na kitambaa kipya mkononi.

"Fundi, si una vipimo vyangu?"

Binti anavaa tepu shingoni. Anazipanga pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Vya mwezi uliopita," anajibu. "Nyoosha mikono."