Rangi Chini ya Bolti

Kila Jumamosi, tukishafua sare zetu, mimi na kaka yangu tulikwenda kumsaidia mama kwenye karakana yake. Mama ni fundi wa redio za magari na watu humwita Mama Spika, jina asilolipenda ila ameshalizoea. Mimi nina miaka kumi na miwili. Kaka ana kumi na sita, na kwa maneno hana mpinzani.

Mama ana sheria moja kuhusu amplifaya, kile kifaa kinachokuza sauti ya redio. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, lazima ufungwe kwenye chuma kitupu, la sivyo spika hupiga kelele na waya huweza kupata moto. Basi mmoja wetu hukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, mwingine huja kuangalia na kusema "nimeona", ndipo bolti ikazwe.

Jumamosi moja kaka alikuwa akishughulikia teksi nyeupe. Nilipofika kwenye buti, nilikuta bolti imeshakazwa.

"Mbona hukuniita?" nilimuuliza.

"Nimekwangua vizuri, dada. Huniamini mimi, ndugu yako wa damu? Mwambie mama umeona. Wenzangu wananisubiri uwanjani."

Nilimwambia mama nimeona.

Jumatatu, tuliporudi kutoka shuleni, tulimkuta dereva wa teksi ile karakanani, amenuna.

"Mama Spika, kila nikikanyaga mafuta, spika zinapiga mluzi. Abiria wananiuliza kama nafuga mbu."

Mama alifungua bolti. Rangi chini yake ilikuwa nzima, haijaguswa hata kwa ukucha.

"Nani alikwangua hapa?"

Nilimtazama kaka nikingoja aseme. Akaninyooshea kidole.

"Ni yeye, mama. Nilimwachia kazi hiyo, akanidanganya ameimaliza."

Kaka huyu ningemtetea mbele ya yeyote, naye alinitosa bila kupepesa macho.

"Kama ni hivyo, hutagusa tena gari la mteja," mama aliniambia.

Hakuna kitu nilichokitaka kama kuwa fundi. Machozi ya hasira yalinitoka.

"Mama, mimi sikukwangua. Kaka alisema amekwangua, nami nikakwambia nimeona. Sikuona kitu. Uongo wangu ni huo."

Dereva alikohoa kidogo. "Fundi, Jumamosi nilikaa benchi lile. Binti alikuwa anafagia hapa mbele. Kule kwenye buti, bolti ilipokazwa, alikuwa kijana peke yake."

Mama alimpa kaka msasa. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, nami nikainama nikaangalia kwa macho yangu kabla bolti haijakazwa. Dereva aliwasha gari, akakanyaga mafuta, na muziki ukatoka safi.

Dereva alipoondoka, mama alimgeukia kaka. "Kazi mbovu inarekebishika kwa dakika kumi. Doa la kumsingizia mdogo wako je, utalikwangua kwa msasa gani? Wewe ndiye hutagusa gari la mteja, mpaka nitakaposema." Kisha akanitazama. "Nawe utaendelea na kazi, kwa kuwa umesema ukweli uliokuumiza. Lakini kumpenda ndugu si kumtolea ushahidi wa usilolijua. Uongo wako siku ile ungetuletea moto ndani ya gari la mtu."

Njiani kurudi nyumbani kaka aliniomba radhi mara tatu. Mara ya tatu nilimjibu kwamba nitamsamehe, ila si leo.