Mifuko Mia Nne ya Mama Nyemo

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Agosti 2096, saa nane mchana.

Siku hiyo, katika kiwanda cha saruji nje kidogo ya Dodoma, wanawake arobaini walikuwa kazini ndani ya magwanda-misuli. Gwanda-misuli ni vazi la chuma chepesi. Unalivaa, linajifunza mwendo wako, na baada ya mwezi linabeba lenyewe. Wewe umo tu kama punje ndani ya ganda. Wakubwa walitamba kwamba limeondoa jasho. Lao, labda.

Saa kumi na mbili, zamu ilipokwisha, gwanda la Mama Nyemo lilijipeleka kwenye ndoano yake, likafunguka. Mama Nyemo akaanguka kifudifudi, mwili umeshapoa. Daktari aliandika: shoti ya umeme, moyo ulisimama saa nane.

Wiki tatu baada ya mazishi, mumewe, Mzee Chilongani, alikwenda kudai fidia. Shahidi wake alikuwa Sekela, aliyefanya kazi ubavuni mwa marehemu. Walipokelewa na Mpima-Madai, mashine yenye sauti laini kama ya mwalimu wa chekechea.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Pole yako iandike kwenye karatasi."

"Dai limekataliwa. Marehemu alifariki baada ya zamu. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili alibeba mifuko mia nne, bila kusimama hata kunywa maji. Maiti habebi mifuko, mzee. Alitangazwa mfanyakazi bora wa siku."

Mzee akamgeukia Sekela.

"Mwanangu, ulikuwa naye. Hukuona?"

Sekela alijifunika uso kwa khanga. "Nilimwona kainamisha kichwa, baba. Nikamtania, 'We bibi, leo umelala kazini!' Akanipita. Nikamwambia, 'Maringo hayo, hata salamu hujibu!' Tulicheka, baba. Mstari mzima tulicheka."

Mzee hakulia. Aliibandika karatasi ya daktari kwenye kioo cha mashine.

"Sikiliza, we mwana wa chuma. Shule sikwenda, ila saa nazijua. Daktari kasema saa nane. Wewe umesema maiti habebi mifuko. Haya, nimekubali."

"Kwa hiyo unafuta dai?"

"Nifute? Waite hao wakubwa zako waje wanijibu: ile mifuko mia nne, aliibeba nani?"

Taa ya mashine ikageuka manjano: dai linasubiri wakubwa.

Tangu hapo kila Jumanne mzee hurudi, akaketi palepale. Taa ni ileile, ya manjano, na wakubwa hawajatokea. Naye huuliza, polepole, kana kwamba anamuuliza mtoto:

"Aliibeba nani?"