Chupa Niliyoiandika SIKI kwa Mkono Wangu

Binti wa darasani kwangu alipopiga yowe, mkono umemjaa povu, mtu wa kwanza kuninyooshea kidole alikuwa wifi yangu.

"Niliwaambia!" aliwageukia wakaguzi. "Niliwaambia michezo ya huyu mwanamke itamuua mtoto wa watu."

Jamani... wakati huo mimi nimemshika binti kiwiko, nimeuweka mkono wake chini ya bomba, maji yanatiririka, naye analia kifuani kwangu. Wifi hakusogea hata kidogo. Alisimama pale mlangoni kuhakikisha kila mtu anajua kosa ni la nani.

Ngoja niwarudishe nyuma mnielewe.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Wanafunzi wananiita Mama Moshi, kwa sababu darasani kwangu hakukosekani kitu kinachofuka. Maabara tunayo ya jina tu: meza zipo, bomba linatoa maji likijisikia, vifaa vingi vilishavunjika. Kwa hiyo nafundisha na vya jikoni. Tunachemsha maua mekundu ya kwenye uzio. Maji yake ukiyatia limau yanakolea wekundu, ukiyatia maji ya majivu yanageuka kijani. Mtoto akishajionea hilo kwa mikono yake, huna haja ya kumkaririsha.

Wifi, mdogo wake mume wangu, alikuwa anafundisha kemia hapo hapo. Na nafasi nilimtafutia mimi! Nilimpigia debe kwa mkuu wa shule mpaka mate yakanikauka. Wanafunzi walimwita Andikeni. Akiingia anasema "Andikeni", anasoma, kengele ikilia anatoka. Sauti nzuri anayo, hilo simnyimi, ila sijawahi kumwona ameshika chupa ya kitu chochote.

Tuliishi vizuri hadi mkuu wa shule alipotangaza kwamba kemia itabaki na mwalimu mmoja. Wakaguzi wangekuja kutazama vipindi vyetu. Atakayewaridhisha anabaki, mwingine atafute pa kwenda.

Nyumbani hewa ikabadilika. Mume wangu ni muuguzi, ana zahanati yake ndogo karibu na shule. Akaniweka chini, akaniomba nijitoe nimwachie mdogo wake. Eti mimi nitapata kazi popote, lakini yeye nani atamchukua? Nikamwambia kazi si kipande cha mkate nimmegee mtu. Akaninunia siku kadhaa, halafu akachangamka tena kama hakuna kitu. Nikajua yameisha.

Nyie... hayakuwa yameisha.

Kwa wakaguzi nilipanga somo jepesi, maganda ya mayai na siki. Unamimina siki juu ya maganda, vipovu vinapanda polepole, watoto wanaona asidi inavyokula chokaa. Chupa niliiandika SIKI mimi mwenyewe, nikaifungia kabatini jioni ya kuamkia ukaguzi. Ufunguo wa lile kabati tulikuwa nao watu wawili tu, mimi na wifi.

Asubuhi mume wangu alinisindikiza hadi getini, akanitakia kipindi chema.

Nikamwita mbele binti tunayemwita Profesa, bingwa wa maswali, amimine yeye. Nilinusa chupa kabla sijampa, kwa kupunga harufu na kiganja kama ninavyowafundisha. Ilinuka siki. Akamimina... na povu halikupanda, liliruka. Akashtuka, chupa ikaponyoka, kilichokuwa ndani kikammwagikia mkononi.

Siki haiunguzi hivyo hata uiogee.

Nikasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, nikaitwa kwenye kikao ofisini kwa mkuu wa shule. Ikithibitika ni uzembe wangu, nisingeshika chaki tena maishani. Wajumbe wa bodi walikuwepo, wifi alikuwepo, na mama yake Profesa, fundi cherehani, alikaa mbele yangu bila kupepesa macho.

"Anaandika kwa mkono huo," aliniambia.

Mume wangu aliitwa kwa sababu ndiye aliyemhudumia Profesa. Alisoma taarifa yake bila kunitazama. Mabaki ya chupa yalishapimwa: ni asidi kali iliyopunguzwa kwa maji, na siki ya kufichia harufu. Kuungua kulikuwa kwa ndani, vidole viwili huenda visikunjike tena.

Wifi akapewa nafasi. Alizungumza kwa upole mpaka mjumbe mmoja akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Alisema ananipenda, ila mimi napenda sifa, na mwandiko ulio kwenye chupa kila mtu anaujua ni wa nani.

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilichokuwa nacho ni ualimu wangu.

Nikaomba ruhusa nimuulize swali moja.

"Wifi, ukitaka kupunguza ukali wa asidi, unafanyaje?"

Akatabasamu. "Maji kwanza, ndipo asidi, kidogo kidogo. Ukimwaga maji kwenye asidi, inachemka na kukurukia. Hilo hata mtoto anajua."

Jibu sahihi. Wajumbe wakanitazama kama nimepoteza muda wao.

Mezani kulikuwa na jagi la maji ya kunywa na glasi. Nikachukua glasi mbili, moja nikaiacha tupu, nyingine nikaitia maji kidogo na kumsogezea.

"Tuseme haya ndiyo asidi. Jagi ni maji. Hebu tuoneshe, huku unatueleza."

Akacheka. Akasema mambo yangu ya kitoto hayaishi. Mkuu wa shule akamwambia afanye tu, tumalize.

"Maji kwanza..." alianza wifi.

Na mkono wake ukashika jagi, ukamimina maji moja kwa moja ndani ya ile glasi ya asidi. Ile glasi tupu hakuigusa kabisa.

Mdomo ulikuwa unaimba sheria vizuri kabisa, na mkono unaivunja mbele ya bodi nzima. Aliiandikisha miaka yote, hakuwahi kuifanya hata mara moja.

Yeye akabaki ameshika jagi hewani.

"Aliyechanganya ile asidi alifanya hivyo hivyo," nikawaambia. "Na lazima ilimrukia."

Chumba kilikuwa cha moto, wote tumelowa jasho, wifi peke yake ndiye aliyevaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo. Mkuu wa shule akamwambia apandishe mikono ya nguo. Akaanza kulia. Mama yake Profesa alinyanyuka kwenye kiti chake, akaenda, akampandishia mwenyewe.

Bandeji, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Ningefurahi hapo. Nilishinda, si ndiyo? Wajumbe walikuwa wanapigana vikumbo kunipa pole.

Lakini mimi nilikuwa naitazama ile bandeji. Ncha yake ilikunjwa pembetatu ikachomekwa ndani, bila plasta wala pini. Mkunjo ule ninaujua. Kila nilipoungua kazini nilifungwa hivyo, na ni mtu mmoja tu ninayemjua anayefunga hivyo.

Nikamgeukia mume wangu.

"Ulimfunga lini?"

Akainamisha kichwa. "Jioni ile... kabla ya ukaguzi."

"Alikwambia ameunguzwa na nini?"

"Alinieleza yote."

Alijua, akalala ubavuni kwangu. Alijua, akanisindikiza getini akanitakia kipindi chema! Mama yake Profesa akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, kama hakumwonea huruma mwanawe.

Na mume wangu akajitetea. Wallahi alijitetea.

"Mama, mimi sikujua kama atashika mtoto," alisema. "Nilidhani chupa ataishika mke wangu."

Kazi yangu nilirudishiwa. Wifi alifukuzwa na kesi yake inaendelea, na kaka yake naye aliunganishwa humo. Nyumba nilihama. Profesa alihamishwa shule na mama yake, nami simlaumu. Nasikia anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mnajua kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nawaongezea kidogo tu: kinaweza kukutakia siku njema kwanza. Mtu msimpime kwa anayoyasema, maana mdomo hata kasuku anafundishwa. Tazameni mikono yake inafanya nini mkiwa hampo.