Banda la Bwana Rudisha

Chokaa ilikauka ukuta mzima, isipokuwa pale.

Bwana Rudisha aligusa kwa kidole, akanusa, akajipangusa kwenye suruali. Mbichi. Ukuta alikuwa ameupaka siku kadhaa nyuma, jua likawaka, upepo ukavuma, na kila mahali pakawa peupe na pakavu kama unga. Pale tu ndipo palipogoma. Na chini ya ule ubichi, kama doa la mafuta linalorudi kwenye shati lililofuliwa, mstari mweusi ulikuwa unapanda polepole: kichwa chenye kilemba, bega moja lililoinuka kwa hasira, mkono mmoja kiunoni.

Mkewe mtupu! Yaani umbo lake.

Tuanze na utani basi, maana balaa lote hili lilizaliwa na utani.

Bwana Rudisha aliendesha matrekta ya watu tangu ujana mpaka akapata la kwake, jekundu lililopauka, linalokohoa likiwashwa asubuhi kama mzee aliyeamshwa kwa fujo. Kwa muda mrefu lililala nje chini ya turubai, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Hatimaye akalijengea banda nyuma ya nyumba. Na lilikuwa banda! Sakafu ya zege, mlango mpana, mabati mapya yasiyo na tundu hata la sindano. Jiko la mkewe lilikuwa hapo hapo jirani, limeezekwa kwa mabati yaliyotoka kwenye banda la kuku. Mvua ikinyesha, mama watoto alifunika sufuria kwa mfuniko na kichwa chake kwa beseni, mapishi yakaendelea.

Ndani ya banda kila chombo kilipewa pa kukaa. Plau kona ile, haro ya kuvunjia mabonge ubavuni mwake, trela nyuma. Vyombo vidogo vilitundikwa ukutani kwa misumari, na kila kimoja kilizungushiwa mstari wa rangi nyeusi kwa kulifuata umbo lake: spana, jeki, mnyororo, nyundo kubwa, hata brashi yenyewe ya kuchorea. Trekta nalo lilichorewa alama yake sakafuni. Ukichukua kitu, alama ilibaki imekodoa macho.

"Ukuta wangu unasema," alijigamba. "Nyundo ikitoka, ukuta unabaki na njaa ya nyundo."

Ukiazima chombo chake, hujafika hata getini, umeshasikia sauti nyuma yako: "Rudisha!" Watoto wake walikua wakiisikia, majirani wakaizoea, na jina likamganda.

Siku banda lilipokamilika aliita watu waje kulitazama. Akaja fundi mwashi aliyelijenga, akaja jirani yake kinyozi, wakaja na wengine wasiokosa penye chai. Mama watoto akawapitishia vikombe, kisha akasema, kwa upole tu, "Banda limependeza, baba watoto. Sasa si mngemalizia na jiko?"

Watu wakaguna. Bwana Rudisha alikuwa mtu asiyekubali kushindwa kwa maneno mbele ya wageni. Akachomoa brashi, akamsogeza mkewe kwa bega hadi kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya mnyororo na nyundo kubwa, akamwambia, "Simama hapo, usitikisike!" Akamchora. Akaanzia unyayo, akapanda, akazunguka kilemba, akashuka upande wa pili mpaka chini.

"Huyu sasa hapotei!" akatangaza. "Akienda kwao, ukuta utasema!"

Walicheka! Kinyozi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama watoto alisubiri brashi ifike chini.

"Umemaliza?" akauliza.

Akaokota vikombe, akarudi jikoni kwake.

Baadaye alimwomba aifute ile alama. Ndipo Bwana Rudisha akapaka chokaa, akachora upya alama za vyombo tu, na chokaa, kama mlivyoona, ikagoma.

Kilichofuata kilimfurahisha, na hilo ndilo la kusikitisha. Kinyozi aliazima jeki. Asubuhi Bwana Rudisha akaikuta imening'inia kwenye msumari wake, imetulia. Akavuka barabara kwenda kushukuru.

"Leo umenishangaza, jirani. Umerudisha bila kupigiwa kelele."

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja wake, rangi imemtoka. "Nimerudisha nini? Jeki ilikuwa chini ya gari, gari liko juu, na mimi niko chini ya gari! Nimetoka kupokea simu tu, nikasikia kishindo. Gari limelala chini. Jeki haipo." Akashusha sauti. "Ningekuwa chapati, jirani."

"Umesahau tu ulipoiweka."

"Mtu hasahau jeki iliyobeba gari."

Bwana Rudisha aliondoka akicheka peke yake. Banda linalojirudishia vitu vyake! Lakini alipofungua mlango alikutana na harufu ambayo haikuwapo asubuhi, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, imechanganyika na grisi. Na kutoka ukutani, mahali fulani nyuma ya trela, palisikika mkwaruzo mwepesi kama brashi inayokokotwa taratibu na mtu asiye na haraka: swaa… swaa… Akasimama. Ukanyamaza. Akajiambia ni panya.

Juma hilohilo binti yao wa mwisho akapiga simu. Alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na siku zilikuwa zimekaribia. Alilia kama mtoto. "Mama, usiniache peke yangu. Naogopa."

Mama watoto akafungasha.

"Na mimi nani atanipikia?" akauliza Bwana Rudisha.

"Nenda bandani, mpikiane na trekta."

Akatoka mchana na begi lake. Jua lilipokaribia kuzama Bwana Rudisha akaenda kufunga banda, akashika kufuli, na kabla hajalibana akahisi kwamba ndani kuna mtu anapumua. Akasukuma mlango. Pale kati ya mnyororo na nyundo, mgongo umebanwa ukutani, kilemba ndani ya mstari wa kilemba na mkono ndani ya mstari wa mkono, alisimama mkewe, vumbi la safari usoni, tiketi ya basi kwenye vidole, macho wazi lakini yanatazama kitu kilicho mbali sana, kama mtu anayeangalia miti ikipita dirishani.

"Mama watoto?"

Akapepesa macho. "Tulishavuka daraja," akanong'ona. "Nilikuwa nimekaa dirishani. Baba watoto, nimefikaje hapa?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Bwana Rudisha alikosa utani.

Kesho yake wakasafiri pamoja. Alimshika mkono tangu kituoni, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi. Basi likavuka daraja, jua linawaka, muuza karanga anapiga soga na dereva, na katikati ya mwanga wote ule kiganja cha mkewe kikaanza kupoa, kikapoa mpaka kikawa baridi kama spana ya alfajiri, naye akakibana zaidi, akakibana kwa mikono miwili, akitazama mbele kwa sababu aliogopa kutazama pembeni, mpaka vidole vyake vikakutana vyenyewe kwa vyenyewe na hakukuwa na kitu kati yake.

Begi lilibaki kwenye kiti.

"Samahani, baba," akasema mwanamke wa nyuma yao kwa sauti ndogo. "Yule mama ameshukia wapi?"

Aliporudi bandani na begi mkononi, alimkuta ukutani. Safari hii analia, na simu ya binti yao inaita mkononi mwake. Uchungu ulikuwa umeanza.

Kinyozi ndiye aliyemleta mganga, amempakia kwenye pikipiki. Alikuwa bibi mfupi mwenye miwani, hana kibuyu wala mkia wa mnyama, ana kijimfuko cha ubani tu. Akaingia, akatazama plau, akatazama haro, akatikisa kichwa kama mnunuzi aliyeridhika.

"Banda zuri. Nani anaishi humu?"

"Trekta, bibi."

"Nimeuliza nani, sikuuliza nini."

Akawasha ubani. Moshi haukupanda juu. Ulinyooka kando, ukafuata ukuta, ukawa unaingia kwenye alama moja hadi nyingine, ukizunguka spana, ukizunguka jeki, kama kidole kinachohesabu. Nyuma ya trela mkwaruzo ukaanza. Swaa… swaa…

"Umemsikia?" bibi akanong'ona. "Jini hana kazi, mwanangu, anatafuta mtu wa kumtuma. Wewe umejenga, umefagia, umechora alama, halafu kutwa unapiga kelele: rudisha, rudisha. Amekusikia. Anarudisha."

"Sasa mke wangu amekosa nini?"

"Nani alimchorea alama?"

Bwana Rudisha akatazama viatu vyake. Mganga hakumhurumia.

"Ukuta huu ubomolewe leo. Na usibomolewe kwa chombo cha humu, kitarudi kwenye msumari wake. Aje mtu wa nje na vyombo vyake."

Bwana Rudisha akainua macho. Ukuta ule ndio uliobeba kenchi, kenchi ndizo zilizobeba mabati. Ukienda ukuta, limekwenda banda.

"Na trekta?" akauliza.

Lilimtoka tu. Mkewe, aliyekuwa amesimama pale na simu ikiita mkononi, aligeuka akamtazama. Hata kinyozi, mtu wa kucheka kila kitu, aliinamisha kichwa.

"Kama hubomoi," mganga akasema akifunga mfuko wake, "mahali hapa hapatakaa patupu. Mimi nimesema."

Akaitwa fundi mwashi, akaja na nyundo yake na tindo lake.

"Nibomoe wote, mzee?"

Bwana Rudisha alitazama mabati yake. "Chonga lipu tu. Hapo kwenye alama. Chonga mpaka mstari wote utoke."

"Si bibi amesema…"

"Fundi, banda ni la nani?"

Fundi akachonga. Vumbi jeupe likajaa, vipande vya kilemba vikaanguka, bega likaanguka, mkono ukaanguka. Kipande cha mwisho kilipodondoka mama watoto alishusha pumzi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akachukua begi, akatoka getini bila kuaga, akapanda pikipiki ya kinyozi.

Fundi akafunga vyombo vyake haraka. Ukutani lilibaki shimo lenye kina cha kiganja, refu, wima. "Mzee," akasema akiwa mlangoni, "hili lizibe mapema. Silipendi." Akaenda zake.

Bwana Rudisha alifagia. Akakusanya vifusi, akapanga ndoo, akanywa maji. Mgongo ulimuuma. Alikuwa amechoka, na ukuta ulikuwa karibu, na lile shimo lilikuwa na ubaridi mzuri. Akajiegemeza humo, dakika moja tu, apumzike. Mkewe alikuwa mwembamba na mfupi, lakini shimo lilimpokea yeye mabega, kiuno, visigino, tumbo likabaki nje kwa raha, kama kiti alichokalia miaka yote. Harufu ya udongo ikakatika. Mkwaruzo ukakoma.

Akatabasamu. Amekwenda, akajisemea. Banda zima, mke huru. Nani kama mimi?

Jioni simu ikaita. "Nimefika," mama watoto akasema, na nyuma yake kichanga kinapiga yowe. "Mtoto wa kike. Binti yako anakuuliza."

"Kesho asubuhi niko njiani!"

Asubuhi akavaa shati jeupe, akapiga viatu rangi, akafunga nyumba. Akatoka getini, akapita kwa kinyozi, akampungia mkono. Kwenye kona akahisi miguu inapoa.

Akajikuta ukutani.

Akatoka tena, akakimbia. Ukutani. Akawasha trekta, akapita nalo katikati ya barabara akipiga honi kama mwendawazimu, na honi ikakatika katikati, akawa ukutani, na trekta limelala juu ya alama yake sakafuni, injini ya baridi. Akashika nyundo kubwa, akaiinua juu kwa nguvu zake zote auvunje ule ukuta, akaishusha, na mikono yake ikapita hewani mitupu. Nyundo ilikuwa kwenye msumari. Akampigia fundi.

"Mzee wangu," fundi akasema, "mimi na banda lako basi." Simu ikakatwa, na tangu hapo haikupokewa tena.

Siku zikapita. Kinyozi alimwachia chakula getini, hakuvuka. Mvua ikanyesha, bandani halikuingia tone.

Jioni moja mama watoto akapiga. Sauti yake ilikuwa na uchovu wa mtu asiyetegemea kitu. "Mtoto amepewa jina bila wewe. Unakuja lini?"

Alikuwa ndani ya shimo lake, simu sikioni. "Kuna vitu… nataka nivipange kidogo."

"Unapanga."

"Ndiyo."

"Mjukuu wako ana wiki kadhaa sasa, na wewe unapanga spana." Akatega sikio. "Kitu gani hicho kinakwaruza?"

Bwana Rudisha akatazama msumari wa brashi. Mtupu. Akatazama chini. Mstari mweusi, mbichi, ulikuwa umeanzia unyayo wake wa kushoto, ukapanda gotini, ukazunguka tumbo taratibu, kwa ustadi, kwa subira kubwa, na brashi ilikuwa inakaribia bega. Swaa… swaa…

Neno lilimjaa mdomoni. Neno moja dogo tu, la kumwita mkewe nyumbani. Alikuwa nalo tayari, linasukuma meno. Na hapo ndipo brashi iliposimama. Banda zima likatulia, mnyororo ukaacha kuyumba, harufu ya udongo ikarudi, na yule aliye nyuma ya trela akawa kimya kabisa, kimya cha mtumishi aliyeinua kichwa anasubiri kuambiwa amrudishe nani.

Bwana Rudisha akaliuma neno lile mpaka akaonja damu.

"Kaa huko," akasema. "Usije."

"Sikuwa na nia," mkewe akajibu. "Ubaki salama na trekta lako."

Simu ikakatika. Brashi ikaendelea, ikapanda bega, ikaanza kuzunguka kichwa.