Abiria wa Kikapu cha Kwanza

Waya wa kuanikia picha ulianza kulegea Jumanne, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshatanda Makambako nzima. Ulikuwa waya mwembamba, umekazwa kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya studio ya Fahadi, na siku hiyo ulibeba picha sita tu zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Lakini katikati, mahali pasipo na picha hata moja, ulikuwa umebonyea, ukipanda na kushuka taratibu. Fahadi aliukaza kwa plaizi. Alipogeuka kuchukua kibanio, ukabonyea tena.

"Msumari umeoza," alimwambia mkewe.

Hamisa alikuwa kwenye mkeka akimnyonyesha mtoto wao Rukaya, wa mwaka mmoja. Akainua pua. "Mbona kunanuka tope? Tope la mtoni, na grisi. Wewe hulisikii?"

"Nasikia dawa za kusafishia picha."

Alikuwa analisikia vizuri sana, ila mwanamume akishasema msumari umeoza hapendi kurudi nyuma.

Fahadi alikuwa na wazimu wake, na watu wa Makambako walishauzoea. Alipenda nyaya. Wenzake wakipata nauli walikwenda kuwasalimia wakwe. Yeye alipanda basi, kamera shingoni, akapige picha daraja la kuning'inia, nguzo za umeme zinazovuka bonde, au mtambo wowote unaovutwa kwa waya. Ukutani alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la Ulaya wenye vibanda vya kioo vikisafiri angani juu ya theluji, na aliutazama kama wengine wanavyotazama picha ya mchumba.

Mwaka ule, tisini na tatu, wazimu huo ulielekea kumlipa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanafukuzana barabarani, mitumba imejaa sokoni, na kila aliyepata shati jipya alitaka picha inayomwonyesha akiwa safarini. Basi Fahadi akawaza pazia la studio: kitambaa kikubwa kilichochorwa mto, waya na kikapu kinachoning'inia, na mbele yake ubao wa kukalia, ili mteja aonekane anavuka mto angani. Yeye angepiga picha ya kikapu cha kweli, naye Hamisa, mwenye mkono wa kuchora, angekihamishia kwenye kitambaa.

Kikapu cha kweli kilikuwa bondeni, chini ya Liganga, kwenye mto usiovukika kwa miguu. Kilikuwa cha chuma, chenye ubao wa kukalia, kimetundikwa kwenye waya mnene kwa makapi mawili, vile vigurudumu vinavyoteleza juu ya waya, na mtu aliyeitwa Nahumu alikivusha na kukirudisha kwa kamba. Fahadi alifika kumepambazuka. Nahumu alikuwa ameanza kuvuta kamba, na kikapu kilikuwa kinaondoka bila mtu.

"Kamwene," alisalimia Nahumu bila kugeuka. "Subiri cha pili. Hiki cha kwanza hatupandi. Kinakwenda hivihivi, kinafika, kinakaa kidogo, ndipo kinarudi."

"Kinambeba nani?"

"Anayepanda hatumwulizi. Ndivyo tulivyokuta."

Fahadi alicheka. Jua lilikuwa limeushika waya wote ukang'aa, ukungu uko chini yake, na alijua mpaka kikapu cha pili ukungu utakuwa umepanda na picha imekufa. Akatoa pakiti nzima ya sigara. "Kisimamishe katikati, kaka. Dakika moja."

Nahumu aliitazama pakiti, akautazama mto, kisha akaishika kamba. Kikapu kikasimama juu ya maji. Fahadi alipiga picha tatu. Kwenye ile ya tatu kikapu kiliinama upande mmoja, kama chombo ambacho aliyemo amegeuka kutazama nani anamchelewesha. Fahadi alifurahi, maana kikapu kilichoinama kinapendeza zaidi kwenye picha.

Hamisa alilimaliza pazia kwa wiki moja, nalo likapendwa kupita kiasi. Watu walipanga foleni. Kisha ikaja ile Jumanne ya waya, na keshoye Lidia, mwalimu wa shule huko Mahongole, akairudisha picha yake.

"Nilikaa peke yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni nani?"

Pembeni yake, juu ya ubao, palionekana goti lililofunikwa nguo iliyolowa. Fahadi alidai ni kasoro ya mkanda, akampiga nyingine bure. Picha ya Alhamisi ilikuwa na goti na mkono. Ya Ijumaa ilikuwa na bega, na shingo iliyogeukia kwenye kamera. Jumamosi hapakuwa na kitu tena pembeni ya mteja yeyote, na Fahadi akashusha pumzi, akaamini balaa limejiondokea lenyewe. Maskini, hakujiuliza limeondoka kwenda wapi.

Alasiri ya siku hiyohiyo alisikia Rukaya analia, si kile kilio cha njaa bali kilio cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikakwaruza, na alipofunua pazia la mlango alimwona Hamisa amekaa kwenye ubao mbele ya ule mto wa rangi, mikono ameiinua amekamata kitu kisichokuwepo, anayumba kulia na kushoto bila haraka, maziwa yamemlowesha kifuani naye hana habari, na miguu yake, iliyokuwa mikavu mchana kutwa ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji, inachuruzika tope jekundu.

"Mama Rukaya," aliita.

"Nifikishe," mkewe alijibu, na sauti haikuwa yake.

Aliyeitwa alikuwa Maalimu Abdulsalam, mwenye duka la vipuri na mwalimu wa madrasa. Alifukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka. Hamisa hakupiga kelele wala kuanguka kama wanavyofanya wengine. Alisikiliza kwa adabu, kama abiria anayesikiliza maelezo ya kondakta.

"Sikuja kwenu," ilisema ile sauti. "Nilikuwa njiani. Mlinisimamisha."

Maalimu alikifunga kitabu. Alimvuta Fahadi uani, akanong'ona, "Jini aliyeingia kwa kupenda kwake nitamtoa. Huyu hakupenda, umemkamata wewe kwa mkono wako. Mrudishe ulikomkatishia safari, aimalize. Na usikawie, kila siku anayokaa anazidi kuuzoea mwili wa mkeo."

Rukaya alikuwa hataki uji. Kila akipelekwa kwa mama yake alinusa kifua, akageuza uso na kulia. Fahadi alimwacha kwa jirani yao Juliana, akalikunja lile pazia akalitia moto uani, na alfajiri akampandisha mkewe basi la Njombe. Moyo wake ulikuwa umejaa aibu na woga, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Njombe kulikuwa na ukungu wa kutoona hatua tano, lakini kila basi lilipopita chini ya nyaya za umeme, Hamisa aliinua mkono akashika hewa. Walilala Ludewa kwa mtu wa kanisa aliyewahurumia, na siku ya pili, kabla jua halijatoka, walikuwa mtoni.

Nahumu aliwatazama mara moja tu. "Tangu siku ile cha kwanza kinakwenda chepesi," alisema. "Miaka yote kilikuwa kizito. Nilijua amekaa kwenye nyumba ya mtu." Akazitupa sigara zilizobaki mtoni, pakiti na yote. "Mweke ndani. Kikifika ng'ambo, yule atashuka, mkeo atabaki amekaa, nami nitamvuta arudi. Lakini kisisimame, kikisimama hatutajua nani ameshuka na nani amebaki. Akikuita, ziba masikio. Umenielewa, kaka?"

"Nimeelewa."

Hamisa aliingia mwenyewe, akakaa, akashika kingo. Makapi yakaanza kulia. Kikapu kiliingia kwenye ukungu, kikatokeza, na Fahadi alianza kuhesabu pumzi zake, akijiambia thelathini zikiisha ataurudisha mkono wa mkewe mkononi mwake, na alikuwa amefika kumi na nne, kikapu kikiwa palepale katikati, pale alipokipigia picha, ndipo aliposikia sauti ya Hamisa, si ya yule, ya Hamisa mwenyewe, sauti aliyoikosa kwa siku mbili mpaka akaogopa ameisahau, ikipaa juu ya maji.

"Baba Rukaya! Baba Rukaya, niko wapi? Kisimamishe! Naanguka!"

Hakukusudia. Mikono iliirukia kamba kabla akili haijafika, akaikamata kwa nguvu zake zote, na kikapu kikasimama. Kikainama upande mmoja. Kikakaa sawa. Nahumu alimpiga kiwiko cha kifua akamwangusha, akavuta kamba huku akisema "Umefanya nini, umefanya nini," na makapi yakalia tena mpaka ng'ambo.

Hamisa alishuka. Alisimama ukingoni akajinyoosha kama mtu aliyetoka safari ndefu, kisha akaanza kupanda kilima kwa hatua za mtu anayeijua njia. Fahadi alimwita jina lake, akamwita mama wa mtoto wake, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye matete. Yule mwanamke hakugeuka. Khanga yake ilionekana kidogo kati ya miti, halafu ikawa miti tu.

"Kirudishe!" Fahadi alimkamata Nahumu. "Kirudishe nivuke nimfuate!"

Walivuta wote wawili, na hawakuhitaji kuambizana walichokisikia mikononi, kwa kuwa kikapu kilichokuwa kinarudi, ambacho macho yao yote manne yaliona hakina mtu, kilikuwa kizito, na waya ulikuwa unabonyea juu yake kila kilipopita, na kilipogusa ukingo Nahumu aliiachia kamba, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akageuka na kukimbia. Fahadi aliweka mkono juu ya ubao wa kukalia. Ulikuwa na joto.

"Baba Rukaya," ilisema sauti ya Hamisa karibu kabisa na sikio lake, ikitetemeka kwa baridi, "twende nyumbani basi. Mtoto hajanyonya tangu juzi."